Siku Tisini za Kumngoja Shemeji

Kabla mke wangu hajanisalimia asubuhi, anasalimia kwanza tovuti mia mbili na kumi na nne. Nimezihesabu. Siku moja nilimwomba kompyuta nikazihesabu moja moja kwa kidole, maana mtu akishindwa ndani ya ndoa yake ni vizuri ajue ameshindwa na wangapi.

Jambo lenyewe linaitwa milisho. Mimi ni seremala, natengeneza makabati ya jikoni, kwa hiyo alinieleza polepole. Badala ya wewe kuzunguka tovuti hii na ile ukibisha hodi kuuliza kama kuna jipya, unakuwa na programu moja tu ya kupokea. Tovuti uliyoichagua ikipata jipya, jipya hilo linakuja lenyewe. Wewe umekaa na kikombe chako. Mwenye neno anasema, asiye na neno ananyamaza. Amezipanga mafungu mafungu kama ninavyopanga misumari. Kuna fungu la usalama, ambako watu hutangaza matundu waliyoyaona kwenye programu za wenzao. Kuna fungu la makongamano, lenye tarehe, kumbi na majina ya wasemaji. Kuna fungu la watu anaowapenda tu, wale wanaoandika kurasa tatu kuhusu kosa lililowachukua wiki nzima kulipata, na mke wangu akiwasoma anacheka peke yake kana kwamba anapewa habari za majirani.

Chini kabisa kuna fungu lisilo na kichwa. Lina mlisho mmoja tu, nao ni wa mdogo wake.

Mdogo wake, shemeji yangu, naye ni mtengenezaji wa programu. Ana programu moja ndogo anayoitoa bure, na kazi yake ni kupokea mafaili. Mtu akituma picha, cheti au fomu kwenye tovuti fulani, programu ya shemeji ndiyo inayolipokea faili mlangoni, inalikagua na kuliweka mahali pake. Haionekani, lakini imo ndani ya tovuti za shule, za zahanati, za maduka, mpaka mwenyewe hajui ni ngapi. Kila anapoirekebisha hutoa toleo jipya na kuandika mistari miwili mitatu ya kueleza alichobadili. Mistari hiyo ndiyo inayokuja kwenye mlisho. "Toleo 3.1.4. Nimerekebisha tarehe zilizokuwa zikirudi nyuma siku moja." Basi, hakuna zaidi. Na mke wangu huisoma kama barua iliyotoka mbali.

"Ameandika saa nne asubuhi, siku ya kazi," huniambia. "Itakuwa ameacha ile ajira."

"Au yuko likizo."

"Angekuwa likizo angeandika 'nimepata nafasi'. Hapa ameandika 'nimerekebisha'. Namjua."

Mara moja shemeji aliandika: "Samahani kwa kuchelewa, mgongo ulikuwa unanisumbua." Mgongo ule ulikaa kwetu wiki tatu. Tulikunywa nao chai, tulikula nao. Mke wangu alisoma habari za viti, za mito, za pingili za uti wa mgongo, mpaka nikaanza kuumwa mimi. Toleo lililofuata halikutaja mgongo, naye akashusha pumzi kana kwamba ndiye aliyepona.

Utauliza, si ampigie simu? Alipiga. Kwa miaka miwili alipiga, simu ikaita mpaka ikachoka. Alituma ujumbe, hakujibiwa. Na mama yao, mama mkwe wangu, ambaye anazungumza na wote wawili, amekataa katakata kuwa mjumbe wao. Hutupigia kila Jumamosi, na kila Jumamosi mke wangu huuliza kwa sauti ya mtu aliyekumbuka tu njiani:

"Na mwenzangu mzima, mama?"

"Anapumua."

"Anapumua vipi?"

"Kwa pua. Mwanangu, mimi nilizaa watoto wawili, sikuzaa kesi. Mkitaka kusemezana, midomo niliwapa."

Ndiyo maana mistari miwili ya toleo jipya ilikuwa na thamani kubwa namna ile nyumbani kwetu.

Kosa lilikuwa la mke wangu. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu mwenyewe husema hivyo siku ambazo ana nguvu za kusema.

Yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake kazi hii, sebuleni kwa mama yao, kwenye kompyuta kuukuu yenye kitufe kimoja kilichong'oka. Alimwandikia masomo kwenye daftari: hatua A, hatua B, C, D, na chini ya kila somo, "Usiniamini. Jaribu uone." Mdogo mtu akipiga saluti: "Ndiyo, Afande!" Jina la Afande likamganda. Hata kwenye harusi yetu shemeji alisimama akanipa pole mbele ya watu kwa kuoa jeshi zima.

Kisha likaja kongamano la watengenezaji wa programu, miaka saba iliyopita. Shemeji alikuwa amechaguliwa kwa mara ya kwanza kusimama mbele ya watu mia nne na kueleza programu yake. Mimi nilikwenda kama familia, nimevaa koti linalonibana makwapani, na sitadanganya, nilikuwa nimesikia pia kwamba kutakuwa na chakula. Alizungumza vizuri. Akaonyesha mistari ya programu yake kwenye skrini kubwa ukutani. Nilimwona mke wangu akitabasamu, halafu nikaona tabasamu limesimama na macho yameganda mahali pamoja. Sura hiyo naijua. Ndiyo ninayokuwa nayo mimi nikiona droo iliyofungwa kombo kwenye nyumba ya watu.

Maswali yakakaribishwa. Kipaza sauti kilikuwa kinapita karibu naye, akakidaka.

"Mstari wa kumi na nne," alisema. "Mtu akiliandika jina la faili kwa namna fulani, hahitaji hata neno la siri. Anaingia mpaka chumbani." Akaeleza na namna yenyewe. Ukumbi ukacheka, wala si kwa ubaya, ni kile kicheko cha mafundi wakimwona fundi mwenzao amejigonga kidole. Kuna mtu alikuwa anarekodi. Shemeji aliitazama skrini, akamtazama dada yake, akasema, "Asante kwa swali," akachomoa kompyuta yake akashuka. Kiunganishi, kile kipande cha waya kinachoiunganisha kompyuta na projekta, alikisahau mezani.

Mke wangu alimkimbilia kwenye korido, kiunganishi mkononi. Na badala ya kusema samahani, akasema, "Lakini ni kweli." Huo ndio ugonjwa wao watu hawa.

Shemeji hakupaza sauti. "Ni kweli," alisema. "Lakini ulikuwa na namba yangu ya simu."

Uzito wa maneno yale nilikuja kuuelewa baadaye. Kuna desturi katika kazi yao ambayo hata mahasimu huiheshimu: ukiona tundu kwenye programu ya mtu, unamwendea kwanza faraghani na kumpa muda alizibe. Hadharani ni mwisho wa safari. Mgeni asiyemjua, aliye upande mwingine wa dunia, mke wangu angemtendea hivyo bila kufikiri mara mbili. Aliyenyimwa heshima hiyo ni mdogo wake mwenyewe. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nililiona hilo kwa macho yangu, kwenye korido, nikiwa na sahani mkononi.

Kiunganishi kile kimo mpaka leo kwenye droo ya juu ya kabati la jikoni, kabati nililolitengeneza mwenyewe. Nimeambiwa nisikiguse.

Sasa nifike kwenye zile siku tisini.

Ofisi ya mke wangu iko juu ya duka la rangi. Wako watano. Kazi yao ni kulipwa na watu ili wajaribu kuvunja mifumo ya watu hao kabla wezi hawajaivunja. Mwanzoni mwa mwaka walipewa tovuti ya zahanati moja, ambako wagonjwa hutuma fomu na picha za majibu ya vipimo vyao. Siku ya tatu mke wangu akapata tundu: mtu baki angeweza kusoma majibu ya wagonjwa wote. Akalifuata tundu lile chini, tabaka baada ya tabaka, ajue limeanzia wapi. Zahanati haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa chini zaidi, kwenye programu inayopokea mafaili.

Alirudi mapema siku hiyo, akakaa jikoni bila kuvua viatu.

"Ni yake," alisema.

"Nini yake?"

"Programu. Nimepata tundu lingine la mdogo wangu."

Mkuu wao wa kazi alikuwa ameshampa utaratibu wa siku zote. Amwandikie mwenye programu. Siku tisini. Akiziba, watatangaza pamoja naye. Asipoziba, au asipojibu, siku ya tisini na moja wanatangaza wenyewe, ili wenye tovuti zote zile wajikinge, maana tundu alilolipata mtu mwema leo, mwizi atalipata kesho. Na kwa kuwa kongamano la mwaka liliangukia siku ya tisini na mbili, mkuu alikuwa ameshapeleka jina la mke wangu. Angelieleza tundu hilo jukwaani. Ukumbi ni uleule.

"Mpe mwenzako kazi hiyo," nilimwambia.

"Nikimpa mwenzangu, ataaibishwa vilevile, ila mimi nitakuwa nimekaa kwenye kiti natazama." Akafungua droo ya juu, akakitazama kiunganishi, akaifunga. "Asipojibu nitamfanyia tena, baba. Mahali palepale. Mara ya pili hakuna mtu anayesamehe."

Ukurasa wa programu ya shemeji una maneno machache chini: "Ukiona tundu la usalama, niandikie kwenye anwani hii. Usianze hadharani. Tafadhali." Mke wangu aliniita nilione lile "tafadhali". Wengine hawaliweki, alisema.

Kuandika kulimchukua siku nne. Barua ya kwanza ilianza na "Mdogo wangu" na ilikuwa na kurasa sita. Tundu lilikuja kutajwa kwenye ukurasa wa tano. Nikamwambia ukweli, kwamba ubao ukiupigilia misumari mingi kwa mara moja unapasuka. Akaifuta. Barua ya pili ilikuwa na samahani kumi na moja. Akaifuta nayo. Mwisho alikuja na wazo ambalo sikulipenda: aitume kutoka anwani ya ofisi, bila jina, na chini asaini "Kitengo cha Usalama".

"Unajificha," nilimwambia.

"Akiona jina langu hataifungua. Asipoifungua, majibu ya wagonjwa yako wazi. Siwezi kuwaweka rehani watu nisiowajua kwa sababu mimi namkumbuka mdogo wangu." Akaisukuma kompyuta kando. "Lakini namkumbuka. Nakwambia namkumbuka mpaka inauma hapa."

Basi ikaenda barua kavu kama mbao za mwaka juzi. Aina ya tundu, madhara yake, hatua A mpaka D za kulithibitisha, pendekezo la kuliziba. Aliipitia sentensi kwa sentensi akikwangua kila chenye harufu yake. Kisha akanipa mimi niikague. Nikaisoma mpaka neno la mwisho, nikamwambia hapa hata mama yako hawezi kukutambua. Akabonyeza, ikaenda. Nami nikachukua penseli yangu ya kazi, nikafungua mlango wa kabati na kuchora mstari mmoja kwa ndani. Siku ya kwanza.

Mtu anayengoja jibu la barua anangoja kitu kimoja. Mke wangu alikuwa anangoja viwili, kwa sababu mlisho nao ulinyamaza. Hakuna toleo, hakuna tarehe zilizorudi nyuma, hakuna hata mgongo. Zamani alikuwa akisoma kuanzia juu, fungu la usalama kwanza. Sasa akawa anaanzia chini, kwenye fungu lisilo na kichwa, anaona patupu, halafu ile mingine mia mbili na kumi na tatu anaipitisha kama mtu anayepekua gazeti la jana. Nikachora mstari wa kumi, wa ishirini, wa thelathini. Siku ya arobaini alituma barua ya kukumbusha, mistari miwili ya heshima. Kimya.

Siku moja tulikuwa tunaosha vyombo, mimi nikifuta, akasema bila kunitazama:

"Unajua ninachotamani? Wala si anisamehe. Anisumbue. Anipigie katikati ya kazi, kama zamani, 'Afande, kompyuta imegoma, nifanyeje?' Na mimi nimwambie, 'Umeizima ukaiwasha?' Na aseme, 'Nimefanya hivyo,' na iwe ni uongo, hajafanya."

Nilifuta kikombe kilekile mara mbili.

Siku ya hamsini na nane, ratiba ya kongamano ikaja kwenye mlisho wa makongamano. Jina lake, ukumbi, saa. Mada: tundu kwenye mlango wa mafaili. Programu haikutajwa, lakini alikisogeza kikombe cha chai mbali kana kwamba kimeingia nzi.

"Na yeye anaufuata mlisho huu," alisema. "Mimi ndiye niliyemwekea."

Siku ya sitini na tatu alimwendea mkuu wake kumwomba siku za ziada. Mkuu yule si mtu mbaya, na alikuwa ameshaambiwa programu ni ya nani. "Dada," alimwambia, "nikimwongezea ndugu yako, kesho nitamnyima mwingine kwa haki gani?" Na utaratibu ule aliuandika mke wangu mwenyewe, mwaka mmoja baada ya lile kongamano, ili asitokee mtu mwingine wa kufanya alichofanya yeye.

Jumamosi iliyofuata mama alipiga. "Na mwenzangu mzima?" Safari hii mke wangu hakuweza hata kuigiza.

"Anapumua," mama alisema. Kisha akaongeza, "Amehama nyumba. Vitu vyake bado viko kwenye maboksi. Na mimi sijasema kitu." Akakata simu.

Siku ya sabini na moja jibu likaja. Nimelisoma mara nyingi hata nimelishika kwa moyo:

"Habari. Samahani sana kwa kuchelewa. Nilihama, na kompyuta yenye sanduku hili la barua ilikuwa bado imefungwa. Nimejaribu, nimeona. Ni kweli kabisa. Nitaliziba. Kwa kawaida huwa namshukuru kwa jina aliyegundua. Ungependa uandikwe nani?"

Mke wangu aliisoma mpaka skrini ikafifia yenyewe.

"Jibu," nilimwambia. "Andika jina lako yaishe."

"Hapana. Sasa hivi anazungumza na mimi. Hajui, lakini anazungumza na mimi. Nikitaja jina nitakikosa na hiki kidogo."

Akajibu mambo ya tundu, swali la jina akaliruka. Wakaendelea hivyo siku kumi na mbili, barua kumi na moja, nyingine za shemeji, nyingine za mke wangu. Shemeji anauliza jambo, mke wangu anajibu. Nilimwona akitengeneza nywele kabla ya kufungua barua pepe, kama msichana anayeposwa. Nilimcheka, na wakati huohuo nilimhurumia, kwa sababu mtu anayefurahi namna ile kusemeshwa kama mgeni na ndugu yake wa tumbo moja ni mtu aliyekaa na njaa muda mrefu.

Katikati ya barua hizo shemeji alimtumia kiraka alichokitengeneza cha kuziba tundu, akitazame. Kilikuwa na pengo. Mke wangu aliliona papo hapo, nami niliiona ile sura, sura ya droo iliyofungwa kombo. Akakaa saa nzima akiandika sentensi moja: "Huenda nimekosea, lakini naomba uutazame tena mstari wa thelathini na mbili." Huenda nimekosea! Miaka kumi na miwili ya ndoa sijawahi kuyasikia maneno hayo. Nikamwomba anichapishie niyatundike karakana. Shemeji alijibu: "Hujakosea. Asante kwa kuniambia hapa."

Siku ya themanini na tatu ikaja ya mwisho. "Kila kitu tayari. Toleo natoa keshokutwa. Bado hujaniambia uandikwe nani."

Nilikuwa karakana, nyuma ya nyumba, napiga randa mlango wa kabati la mteja. Akaja akakaa juu ya maranda na sketi yake ya ofisini.

"Nikimwambia, anaweza akanyamaza miaka saba mingine."

"Anaweza."

"Nisipomwambia, nitakuwa Kitengo cha Usalama mpaka nife."

"Na mimi nitakuwa nimeoa kitengo," nilisema. "Mke wangu, mara ile ulisema wakati ulipotakiwa kunyamaza. Sasa unanyamaza wakati unapotakiwa kusema. Wewe saa zako ni za nchi gani?"

Alicheka, akajifuta macho kwa kiganja chenye vumbi la mbao, akaenda jikoni. Aliandika akiwa amesimama. Halafu akanigeuzia kompyuta nisome.

"Andika kwamba limegunduliwa na mtu aliyekuwa na namba yako ya simu, na ambaye mara ile alipaswa kuanza nayo."

Sikuona msumari wa kung'oa hapo. Akaituma.

Siku ya themanini na nne, kimya. Ya themanini na tano, ile aliyoahidi, kimya. Ya themanini na sita, kimya. Siku ya themanini na saba alianza kuandaa maneno ya kongamano. Aliniambia amekata shauri: ikibidi asimame pale, ataanza na kosa lake la miaka saba iliyopita, mbele ya watu walewale, kabla hajafika kwenye tundu la mdogo wake. Alisema kwa utulivu. Usiku hakula, nami nikajifanya sijaona.

Asubuhi ya siku ya themanini na nane nilikuwa napiga mswaki.

"Njoo," alisema. Sauti ilikuwa ndogo.

Nikaja na povu mdomoni. Pembeni ya fungu lisilo na kichwa kulikuwa na namba moja. Hakuwa amelifungua. Nilipofika ndipo alipobonyeza.

"Toleo 4.0.1. Tundu kubwa la usalama limezibwa. Kila mtu asasishe leo, tafadhali. Limegunduliwa na dada yangu, ambaye safari hii aliniandikia kwanza. Toleo limechelewa siku tatu kwa sababu yangu, si yake. Namba yangu ya simu ni ileile."

Maelfu ya watu walisoma mistari hiyo asubuhi ile, na nadhani ule wa mwisho waliuona kama umepotea njia. Mke wangu alikuwa ameshachukua simu. Namba hakuitafuta popote, anayo kichwani. Akaiweka sauti ya nje na kuilaza mezani. Ikaita. Mlio ule naujua, niliusikiliza miaka miwili. Mara ya tatu ikapokelewa.

Hakuna aliyesema "halo". Tulisikia mtu akipumua, kwa pua, kama mama alivyotuambia siku zote.

"Mstari wa thelathini na mbili uko sawa," alisema mke wangu. Kidogo nimrushie mswaki. Lakini hakuishia hapo. "Nisamehe, mdogo wangu. Kwa ile siku. Nisamehe."

Upande wa pili tulisikia kitu kikisogezwa sakafuni, labda boksi.

"Nilijua ni wewe tangu ile barua ya kwanza," shemeji alisema.

"Ulijuaje? Sikuandika jina."

"Hatua A, B, C, D. Halafu mwisho kabisa, 'Jaribu uone.' Nani mwingine duniani anamalizia ripoti hivyo?"

Mke wangu akanigeukia mimi, mkaguzi wake niliyeisoma mpaka neno la mwisho. Nikatazama dari. Yeye machozi yalikuwa yanashuka na wala hakuyafuta.

"Sasa kama ulijua," alisema, "mbona siku zote hizo hukusema?"

"Nilikuuliza jina mara mbili, Afande."